Kifafa sugu kwa watoto: hatari hujionyesha mapema

Wazazi, wakunga, walimu, matabibu wa zahanati, na nyinyi wahudumu wa afya ya jamii mliotoka vijijini alfajiri kuja hapa Kilifi, hamjambo nyote. Mimi ni daktari wa watoto, na nitazungumza nanyi juu ya watoto wanaotumia dawa za kifafa na bado wanaanguka.

Kila anayefanya kazi katika kliniki ya kifafa hapa Pwani ameisikia kauli hii: "Dawa zimemkataa mtoto wangu." Mara nyingi huitoa mama aliyechoka. Mara nyingine tunamwambia sisi wenyewe, na mtoto hata kwenye mizani hajawekwa. Wapo watoto ambao kweli dawa pekee hazitawatosha. Wengi wao wangeweza kutambuliwa katika miezi ya mwanzo, pengine siku ya kwanza, wakapelekwa mapema mahali penye njia nyingine. Na wapo wengine, tena si wachache, wanaoitwa sugu ilhali dawa haijawahi kuwafikia inavyopaswa. Makundi haya mawili tukiyachanganya, tunawaumiza wote.

Tuweke mpaka kwanza, la sivyo kila mtoto aliyeanguka wiki iliyopita ataitwa sugu. Mwaka 2010 chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa, ILAE, kilikubaliana hivi: kifafa ni sugu pale ambapo dawa mbili, zilizochaguliwa sawasawa kwa aina ya kifafa cha mgonjwa huyo, akazivumilia, akazitumia kwa kipimo kinachotosha, iwe moja baada ya nyingine au kwa pamoja, zimeshindwa kumpa utulivu wa kudumu. Dawa mbili. Mwaka 2000 madaktari wa Glasgow, Uskoti, walichapisha matokeo ya wagonjwa wao 470 ambao hawakuwahi kutibiwa kabla. Dawa ya kwanza iliwatuliza 47 katika kila 100. Dawa ya pili au ya tatu iliongeza 14. Waliotulia kwa kuchanganyiwa dawa mbili walikuwa 3 tu katika 100. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa watu wazima, lakini kwa watoto nako mambo huenda vivyo hivyo: nafasi kubwa iko mwanzoni. Kumbadilishia mtoto dawa ya tano, kisha ya sita, bila kuuliza swali jingine lolote, ni kumpotezea miaka anayoihitaji kukua na kusoma.

Sasa, ni mtoto gani tumwangalie kwa jicho la karibu tangu siku ya kwanza?

Kwetu sisi habari nyingi huanzia chumba cha kujifungulia. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha watu wenye kifafa na wasio nacho katika sehemu tano za Afrika: hapa kwetu Kilifi, Ifakara kule Tanzania, Iganga na Mayuge nchini Uganda, Agincourt Afrika Kusini, na Kintampo Ghana. Kwa upande wa watoto, lililojitokeza kwa nguvu kuliko mengine yote ni shida mara baada ya kuzaliwa: hakulia, hakupumua vizuri, au hakuweza kunyonya. Mtoto mwenye historia hiyo alikuwa na uwezekano wa takriban mara 10 wa kuwa na kifafa kuliko asiye nayo. Matatizo wakati wa ujauzito na majeraha ya kichwa nayo yalionekana, ila si kwa kiasi hicho.

Mama atakwambia, "Alizaliwa amechoka." Tabibu, ukiisikia sentensi hiyo, usiiandike pembeni na kuendelea. Uliza: alilia baada ya muda gani? Alipelekwa chumba cha watoto wachanga? Alipata mitukutiko katika siku zile za kwanza? Ubongo uliokosa hewa wakati wa kuzaliwa huacha makovu, na kifafa kinachotokana na kovu la ubongo ndicho mara nyingi kisichosikia dawa. Mtoto aliyetetemeka kifafa akiwa na siku mbili au tatu tu duniani, kisha kikamrudia baadaye akiwa na miezi mitano, ni mtoto wa kuandikiwa rufaa mapema, hata kama dawa ya kwanza inaonekana kufanya kazi.

Wakunga wangu, ndiyo maana nimewataja mwanzoni kabisa. Mfuko na kinyago cha kumpulizia hewa mtoto asiyelia, kikiwa mkononi mwa mtu aliyezoeshwa kukitumia katika dakika ile ya kwanza, ni kinga ya kifafa. Sijui chombo kingine katika zahanati kinachoweza kuzuia kifafa kingi kiasi hicho kwa bei ndogo namna hiyo. Nikiingia chumba cha kujifungulia nikaukuta mfuko huo umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo hayupo, roho huniuma.

Baada ya kuzaliwa kuna umri. Kifafa kinachoanza kabla ya mwaka mmoja kina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa sugu kuliko kile kinachoanza mtoto akiwa na miaka sita au minane. Hili limeonekana katika nchi nyingi, na sababu yake si ngumu: vifafa vya utotoni kabisa mara nyingi hutokana na ubongo ulioumizwa, au uliojijenga vibaya tumboni, au hitilafu ya jeni.

Kuna aina moja ya umri huo inayotuponyoka kila siku. Mtoto wa miezi minne hadi minane anajikunja ghafla, kichwa kinainama, mikono inafunguka kama anayeshtuka, halafu anaachia. Sekunde moja au mbili. Kisha tena, na tena, mara kumi au ishirini kwa mfululizo, hasa anapoamka usingizini. Hatoi povu, haanguki, kwa hiyo hakuna anayesema kifafa. Watu husema chango, mtoto apewe maji ya dawa ya tumbo. Wakati huo huo mtoto aliyekuwa ameanza kucheka haangalii tena uso wa mamake, na aliyekuwa anakaa anarudi kulala. Hii ni dharura ya ubongo. Dawa zake ni tofauti na zile tulizozoea: vidonge vya prednisoloni au sindano ya homoni ya ACTH, na vigabatrini, hasa kwa mtoto mwenye ugonjwa wa tuberasi sklerosisi, ambaye mara nyingi utamkuta na mabaka meupe kwenye ngozi. Kila wiki inayopita kabla ya matibabu inamgharimu akili. Fenobabitoni, dawa ya kifafa tuliyoizoea, haiwatoshi watoto hawa, na kusubiri miezi mitatu kuona kama itawatosha ni kosa kubwa.

Mama, huhitaji kuyaeleza haya kwa maneno ya kidaktari. Chukua simu umrekodi. Video ya nusu dakika, uso na mikono vikionekana, imewahi kunipa jibu ambalo saa nzima ya maswali haikunipa.

Mwingine wa umri huo huo ni mtoto mwenye afya njema anayepata degedege refu la homa akiwa na miezi sita, mara nyingi upande mmoja wa mwili, nusu saa au zaidi. Linarudi mwezi unaofuata, safari hii upande wa pili, labda baada ya kuoga maji ya moto au baada ya chanjo. Familia inailaumu chanjo. Kwa wengi wa watoto hawa chanzo ni hitilafu ya jeni iitwayo SCN1A, waliyozaliwa nayo. Chanjo ilileta homa tu, na homa ikakiamsha kilichokuwapo. Ugonjwa huo unaitwa Dravet. Kabamazepini, dawa nzuri kabisa kwa watoto wengine wengi, humzidishia mtoto wa Dravet. Kwa hiyo mtoto akianza dawa na hali ikawa mbaya zaidi, tusikimbilie kuongeza kipimo. Tujiulize kwanza kama dawa yenyewe ndiyo inayomwangusha.

Hapo naomba niwatulize wazazi walioshtuka. Degedege la kawaida la homa, kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, mwili mzima, chini ya dakika kumi na tano, mara moja tu katika homa ile, kwa kawaida halileti kifafa. Linatisha, lakini wengi hulikua na kuliacha. Wa kuangaliwa ni yule ambaye degedege lake lilichukua muda mrefu, au lilishika upande mmoja, au lilirudi ndani ya siku hiyo hiyo.

Pwani hatuwezi kulitaja degedege bila kuitaja malaria. Hospitali ya hapa Kilifi na watafiti wa KEMRI-Wellcome wamewafuatilia watoto wa malaria kali tangu mwaka 1989, na walionyesha kwamba walionusurika na malaria ya ubongo, au malaria yenye degedege refu na la kurudiarudia, walipata kifafa zaidi ya wenzao. Blantyre, Malawi, watafiti walikuta takriban mtoto 1 kati ya 11 walionusurika malaria ya ubongo akipata kifafa baadaye, ilhali katika kundi la kulinganisha la watoto wagonjwa wasiopoteza fahamu hapakuwa hata mmoja. Familia inamshukuru Mungu mtoto ametoka wodini akitembea. Miezi baadaye anaanza kuduwaa ghafla, na hicho nacho ni kifafa. Mtoto aliyelazwa na malaria ya ubongo anastahili kuandikwa kwenye kijitabu chake cha kliniki kwa maandishi makubwa, ili atakayemwona mwaka unaofuata ajue anatazama nini.

Homa ya uti wa mgongo ni vivyo hivyo, na hapa ninayo habari njema. Kenya ilianza kutoa chanjo ya Hib mwaka 2001 na ya nimokokasi mwaka 2011, bakteria wawili wanaoleta homa hiyo, na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na Hib ilipungua mno hapa Kilifi, kiasi kwamba madaktari vijana huisoma zaidi vitabuni. Kila mtoto aliyeepuka homa ile ameepuka pia kovu ambalo lingekuja kuwa kifafa.

Dalili zilizobaki nitazitaja kwa haraka, maana mkishaelewa habari ya kovu mtazikisia wenyewe. Mtoto aliyechelewa kukaa, kutembea au kusema kabla kifafa hakijaanza. Mtoto mwenye upande mmoja dhaifu. Mtoto mwenye aina zaidi ya moja ya kuanguka: leo anakakamaa, kesho anadondoka kama aliyekatwa miguu, keshokutwa anaduwaa. Aliyewahi kupata kifafa kisichokatika kwa nusu saa. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, kinachoonyesha mawimbi ya msingi ya ubongo yakienda polepole kuliko kawaida hata pale asipoanguka. Picha ya ubongo ya MRI yenye kasoro. Na mtoto anayeanguka mara nyingi mno tangu mwanzo: katika utafiti ule wa Glasgow, kati ya waliokuwa wameanguka zaidi ya mara 20 kabla ya kuanza dawa, 51 katika 100 hawakutulia, waliokuwa na idadi ndogo kuliko hiyo, 29.

Takwimu hii ya mwisho imetumiwa vibaya, na nataka niisimamie. Mama husomewa kama hati ya mashtaka: "Ungemleta mapema, ukampitisha kwa mganga, sasa angalia." Tafiti zilizolinganisha wagonjwa walioanzishiwa dawa mara moja na waliosubirishwa hazikuonyesha kwamba kule kusubiri ndiko kulikokifanya kifafa kiwe sugu baada ya miaka kadhaa. Kifafa kikali hujidhihirisha kwa kuangusha mara nyingi. Wingi huo ni sura ya ugonjwa wenyewe. Kuchelewa kuna hatari zake halisi, ya kuangukia jiko, ya kuzama kisimani, ya kifafa kisichokatika kikaua, na kwa wale wachanga wa kujikunja ni hatari kwa akili. Kwa hayo yote mtoto aletwe mapema. Lakini mama aliyekwenda kwa mganga alikuwa anatafuta msaada uliokuwa karibu naye. Akija kwetu na tukamkaripia, hatarudi, na mtoto ndiye atakayelipa.

Nije sasa kwa watoto wanaoitwa sugu na si sugu. Utafiti wa hapa Kilifi uliochapishwa mwaka 2012 ulipima dawa ndani ya damu za watu wenye kifafa, ukakuta zaidi ya 6 kati ya 10 hawako kwenye matibabu yanayostahili. Waliokaa zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya na waliolazimika kulipia dawa walikuwa katika hatari zaidi ya kukosa. Hapo dawa haijamkataa mtu. Mtu ndiye aliyekosa dawa.

Halafu kuna mizani. Chukueni mtoto wa kilo 10 aliyeanzishiwa kidonge kimoja cha fenobabitoni cha miligramu 30 kwa siku. Hiyo ni miligramu 3 kwa kila kilo, kipimo cha kuanzia kinachokubalika. Akatulia. Miaka inapita, kila mwezi mama anachukua kidonge kile kile, karatasi ile ile inanakiliwa. Mtoto sasa ana kilo 20, ameanza kuanguka tena, na mtu anaandika "sugu". Anapata miligramu 1.5 kwa kilo, nusu ya alichopata akiwa mdogo. Hakuna mzazi anayemvalisha mtoto wa darasa la nne sare ya chekechea, lakini dawa yake tunaiacha vile vile. Mzazi, una haki ya kusema, "Daktari, tafadhali mpime uzito kwanza." Ukiona uso umekunjamana, sema tena.

Yapo mengine. Kabamazepini ikipewa mtoto anayeduwaa ghafla mara nyingi kwa siku, au anayeshtuka mikono asubuhi na kumwaga chai, inaweza kumzidishia. Dawa ya maji isiyotikiswa chupa humpa mtoto maji mwanzo wa mwezi na sumu mwishoni. Rafu ya zahanati ikikauka wiki mbili na mgonjwa akaambiwa arudi baadaye, fenobabitoni iliyokatika ghafla inaweza kumletea kifafa kisichokatika kabisa. Hili si jambo la kumwambia mtu "rudi Jumatatu". Na wapo watoto ambao kuanguka kwao si kifafa hata kidogo: anayelia mpaka akazuia pumzi akawa buluu, au msichana anayezimia akisimama muda mrefu gwaride la shule. Hao ukiwapa dawa nne bado wataanguka.

Tuseme tumepima uzito, dawa ni sahihi, rafu haijakauka, dawa mbili zimepita, na mtoto bado anaanguka. Huyo sasa ni sugu kweli, na hapo ndipo watu wengi hudhani habari imekwisha. Haijakwisha.

Chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo sana kimetumika kutibu kifafa tangu mwaka 1921. Mwaka 2008 hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, ilichapisha jaribio: katika kundi lililopewa chakula hicho, watoto 38 katika 100 walipungukiwa kuanguka kwa zaidi ya nusu, katika kundi lililoendelea kama kawaida, 6. Hawa walikuwa watoto ambao dawa zilikwisha kushindwa. Sisi tuna nazi, mayai, parachichi na samaki wa mafuta. Ugali na wali ndivyo vinavyopaswa kuondoka, na hapo ndipo nyumba nzima hupata taabu. Msijaribu peke yenu nyumbani. Kinahitaji mtaalamu wa lishe, vipimo vya damu, na uhakika kwamba mtoto hana ugonjwa wa mwili ambao mafuta yatauzidisha. Lakini ulizeni.

Na kuna upasuaji. Mwaka 2017 hospitali ya AIIMS ya New Delhi ilichapisha matokeo ya watoto 116 wenye kifafa sugu. Nusu yao hivi walifanyiwa upasuaji wa ubongo mapema, wengine wakaendelea na dawa wakisubiri zamu. Baada ya mwaka mmoja, 77 katika 100 ya waliopasuliwa hawakuanguka tena. Wa dawa pekee, 7. Nimeutaja mfano wa India makusudi, maana ni nchi yenye foleni ndefu na wazazi maskini kama sisi. Karibu nasi, hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, imewahi kufanya upasuaji wa kifafa cha pembeni ya ubongo. Si kila mtoto anafaa kupasuliwa; anayefaa zaidi ni yule ambaye kifafa chake kinatoka mahali pamoja panapoonekana kwenye picha. Mtoto wa kovu moja. Tukimtuma akiwa na miaka mitano, ubongo bado una uwezo wa kujipanga upya. Tukimtuma akiwa na kumi na saba, ameshaacha shule.

Shirika la Afya Duniani lina mpango wa mwaka 2022 hadi 2031, ambao Kenya na nchi nyingine wanachama ziliupitisha: asilimia 80 ya wenye kifafa wapate dawa salama wanayoweza kumudu, na asilimia 70 ya wanaotibiwa watulie. Kwa kaunti zetu, huo mpango una maana rahisi. Dawa nne zisikauke rafuni: fenobabitoni, kabamazepini, valproeti, na diazepamu ya kuwekea njia ya haja kubwa. Mkitoa valproeti kwa msichana anayekaribia kubalehe, kaeni na mama yake muongee kwanza, kwa sababu inadhuru mimba. Mara nyingi kuna dawa mbadala.

Nawaombeni matabibu kuanzia kliniki ijayo: kila faili ya mtoto iwe na uzito wa siku hiyo, umri kifafa kilipoanza, kama alilia alipozaliwa, na idadi ya dawa alizopewa kwa kipimo kamili. Mambo manne, mstari mmoja. Aliyeanza kabla ya mwaka mmoja, au ambaye dawa mbili zimeshindwa, aondoke na barua ya rufaa siku hiyo hiyo, yenye jina la dawa na kipimo, si neno "kifafa" peke yake. Wahudumu wa afya ya jamii, mkiambiwa mtoto anashtukashtuka akiamka, msisubiri mkutano wa mwezi.

Walimu, mtoto akianguka darasani mlazeni kiubavu, ondoeni madawati, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na mtazame saa. Zikipita dakika tano, pigeni simu na mumkimbize hospitali. Muuguzi wetu yuko hapo mbele na godoro, atawaonyesha namna ya kumlaza. Jaribuni wenyewe kabla hamjaondoka, na wenye video kwenye simu mnione mezani baada ya hapo.